Mguu Ulitengenezwa, Maumivu Yakaachwa: Historia ya Utengamao Chini ya Mlima Meru

Kata ya Olasiti iko magharibi mwa jiji la Arusha, upande wa kuelekea uwanja wa ndege na Kisongo, katika ukanda ambao mashamba yamegeuka viwanja na viwanja vinageuka nyumba. Kama ilivyo kwa kata nyingi za pembeni mwa mji, usafiri wake wa ndani unategemea sana bodaboda. Mtu wa huko akipata ajali, mguu ukasagika kiasi cha kukatwa, njia ya kupata mguu wa bandia inajulikana: ataanzia hospitali za mjini, kisha ataelekezwa kwenye karakana ya hospitali ya KCMC mjini Moshi, kilomita 80 na ushee kwa barabara, au kwenye kituo cha Monduli upande wa pili. Lakini mtu huyohuyo akirudi nyumbani na kusema kwamba vidole vya mguu uliokwisha kukatwa vinawaka moto kila usiku, ni vigumu kumwonyesha mlango wa kubisha. Ulaya na Marekani tatizo hilo sasa linatibiwa kwa kioo, kwa mazoezi ya kufikirisha na, katika miaka ya karibuni, kwa miwani ya uhalisia pepe inayomwonyesha mgonjwa mkono au mguu alioupoteza ukisogea kwa amri yake. Ni rahisi kudhani kwamba kinachotutenga na tiba hizo ni fedha tu. Ipo sababu nyingine, nayo ni kongwe zaidi. Fani ya utengamao katika ukanda wetu ililelewa na polio na ukoma, magonjwa mawili ambayo hayakuwahi kuilazimisha kuuliza habari za maumivu ya kiungo kisichokuwepo. Wagonjwa wamebadilika, swali halijabadilika.

Kwingineko duniani swali la maumivu hayo lililetwa na vita. Daktari wa upasuaji wa Ufaransa, Ambroise Paré, aliyeyafuata majeshi ya wafalme wake katika karne ya 16, aliandika kwamba askari waliokatwa miguu walilalamikia maumivu makali katika sehemu ambazo hazikuwapo tena. Karne tatu baadaye, Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe vya Marekani viliwaletea madaktari wa Philadelphia vijana wengi waliopigwa risasi na kuumia mishipa ya fahamu, hata ikatengwa hospitali nzima ya majeruhi wa aina hiyo, Turner's Lane, yenye vitanda 400. Humo Silas Weir Mitchell na wenzake wawili, Morehouse na Keen, waliandika kitabu cha mwaka 1864 juu ya majeraha ya risasi kwenye mishipa ya fahamu, na mwaka 1871 Mitchell ndiye aliyekipa kiungo kisichokuwepo jina ambalo tiba ya Magharibi inalitumia mpaka leo, akikifananisha na mzuka. Kabla ya hapo, mwaka 1866, alikuwa amelichapisha jambo hilo kama hadithi ya kubuni, bila jina lake, kuhusu askari aliyepoteza mikono na miguu yote. Baadhi ya wasomaji waliiamini hadithi ile kiasi cha kumtafuta askari huyo hospitalini. Jambo la kuzingatia hapa ni mazingira yenyewe: vijana wenye afya, wamepoteza viungo kwa ghafla, wamelazwa pamoja kwa miezi mingi mbele ya madaktari wenye kalamu. Mmoja akilalamika, kilio chake kinaweza kupuuzwa. Wakilalamika wodi nzima kwa maneno yaleyale, daktari hana budi kuandika.

Vita Kuu ya Kwanza ilirudia somo hilo kwa kiwango kikubwa zaidi. Uingereza peke yake ilikuwa na askari zaidi ya 41,000 waliopoteza mkono au mguu, na hospitali ya Roehampton, iliyofunguliwa kwa ajili yao mwaka 1915, ikawa shule ya fani nzima. Ujerumani, kampuni ya Otto Bock ilianzishwa Berlin mwaka 1919 ili kuwatengenezea majeruhi viungo vya bandia kwa wingi. Msomaji makini atasema hapa kwamba vita hiyohiyo ilipita Arusha. Ni kweli. Mapigano ya Longido yalikuwa Novemba 1914, na majeshi ya Waingereza yaliingia Moshi na Arusha mwezi Machi 1916. Makumi ya maelfu ya wapagazi walikufa katika kampeni ya Afrika Mashariki, wengi wao kwa magonjwa na njaa kuliko kwa risasi. Mbona basi vita hiyo haikutuachia Roehampton yetu? Kwa sababu maarifa hayazaliwi na jeraha peke yake. Yanazaliwa pale majeruhi anapohesabiwa kuwa deni la serikali: ana pensheni, ana faili, anarudi kupimwa mwaka baada ya mwaka. Askari wa Roehampton alikuwa deni la aina hiyo. Mpagazi aliyeozeshwa mguu na funza au na kidonda cha njiani hakuwa hivyo. Aliyepona alirudi kijijini, na lolote alilolisikia kwenye kigutu chake lilibaki kati yake na jamaa zake.

Huko kijijini hakukosa kabisa wa kumtazama. Jamii zilizoishi kati ya Meru na nyanda za Umaasai zilikuwa na wataalamu wao wa kuunga mifupa na kufunga majeraha, na Moritz Merker, afisa wa Kijerumani aliyehudumu Moshi, aliyaeleza matibabu ya Wamaasai katika kitabu chake cha mwaka 1904. Lakini fani ya utengamao kwa maana ya kisasa, yaani karakana, mazoezi ya viungo na mafunzo ya kazi chini ya paa moja, haikutokana na ufundi huo, wala haikutokana na vita. Ilitokana na polio. Kenya, chama cha kuwahudumia watu wenye ulemavu wa viungo, APDK, kilianzishwa mwaka 1958. Uganda, Ronald Huckstep, aliyefundisha upasuaji wa mifupa Makerere na Mulago katika miaka ya 1960, alikabiliwa na watoto wengi waliopooza, akabuni vyuma vya miguuni na viti vya magurudumu vya bei nafuu vilivyoweza kutengenezwa na mafundi wa hapahapa. Mwongozo wake juu ya polio katika nchi zinazoendelea, uliotoka mwaka 1975, uliwafunza wahudumu wa ukanda mzima namna ya kumsimamisha mtoto aliyekuwa akitambaa. Hilo ndilo lililokuwa lengo, na lilikuwa lengo tukufu: mtoto asimame, atembee, aende shule.

Kaskazini mwa Tanzania lengo hilo lilipata nyumba kubwa. KCMC ilifunguliwa mwaka 1971 kuwa hospitali ya rufaa ya kanda, ikipokea wagonjwa wa Kilimanjaro, Arusha na mikoa jirani. Mwaka 1981, ndani ya eneo lake, serikali ya Tanzania ikishirikiana na shirika la Kijerumani la GTZ ilianzisha chuo cha mafundi sanifu wa viungo bandia, TATCOT. Uamuzi huo ulikuwa wa busara kuliko unavyosifiwa. Badala ya kuagiza viungo vilivyokwisha kutengenezwa, au kumleta mtaalamu mgeni ambaye angeondoka na ujuzi wake, ilijengwa shule. Kijana alijifunza kuchukua umbo la kigutu kwa plasta, kulirekebisha, kutengeneza soketi, kupanga goti na kanyagio, kisha kumfundisha mgonjwa kutembea. TATCOT ilikuja kupokea wanafunzi kutoka nchi nyingi za Afrika na za nje ya Afrika, na vyeti vyake vikatambuliwa na ISPO, chama cha kimataifa cha fani hiyo. Kwa kipimo chochote hilo ni jambo la kujivunia. Hata hivyo, kila shule hubeba alama ya wagonjwa wake wa kwanza. Virusi vya polio hushambulia chembe zinazoamrisha misuli na kuziacha zile zinazopeleka hisia. Mtoto wa polio ana mguu dhaifu, mwembamba, pengine uliopinda, lakini mguu upo na anauhisi. Anachohitaji ni chuma, kiatu na zoezi. Fundi aliyelelewa na wagonjwa wa aina hiyo hujifunza kuuliza ‘unatembeaje?’ Hana sababu ya kuuliza ‘mguu ambao haupo unakufanyaje?’

Mlezi wa pili wa fani hii, ukoma, alifundisha kinyume kabisa cha maumivu. Bakteria wa ukoma, aliyegunduliwa na Hansen mwaka 1873, hushambulia mishipa ya fahamu ya pembeni: ya kiwiko, ya nyuma ya goti, ya usoni. Mgonjwa hupoteza hisia, hukanyaga msumari bila kujua, hushika sufuria ya moto bila kushtuka, na vidonda ndivyo vinavyomla vidole. Aliyelithibitisha jambo hili kwa bidii kubwa ni Paul Brand, daktari wa upasuaji aliyefanya kazi Vellore, India, kuanzia miaka ya 1940. Yeye na wenzake walionyesha kwamba mikono ya wakoma haiozi yenyewe, bali huumia kwa sababu imekosa onyo la maumivu. Mafundisho hayo yalifika kwetu kupitia vituo vya misheni kama Sikonge na Buluba, na kupitia kituo cha ALERT cha Addis Ababa, kilichoanzishwa mwaka 1965 kufunza wahudumu wa Afrika. Tanzania ilianzisha mpango wa taifa wa kifua kikuu na ukoma mwaka 1977. Ndani ya utaratibu huo mgonjwa alifundishwa kuloweka miguu, kuikagua kila jioni na kuvaa ndala za mpira laini. Mhudumu naye alifundishwa kwamba adui ni ganzi, na kwamba maumivu ni mlinzi aliyekimbia lindo. Ni mafundisho sahihi kabisa kwa ukoma. Lakini yalimzoesha mhudumu wa mishipa ya fahamu kutafuta mahali pasipouma, na kutulia akishapapata.

Anayeujua ukoma kwa karibu atapinga, na ana haki. Ukoma nao huuma. Wagonjwa wengi hupata mwasho wa ghafla wa mishipa ya fahamu, hasa wakati kinga ya mwili inapopambana na bakteria waliokufa au wanaokufa, na maumivu yake ni makali. Wapo pia walioendelea kuumwa miaka mingi baada ya kumaliza dawa. Lakini pingamizi hilo linaipa nguvu hoja hii zaidi ya kuidhoofisha. Maumivu yale yalishughulikiwa kama dharura ya kuokoa mshipa: prednisoloni itolewe haraka ili mkono usipooze. Mshipa ukishaokolewa, au ukishakufa, faili lilifungwa. Maumivu yaliyobaki baada ya hatari kupita, yasiyotangaza ulemavu mpya wala kuzuia kazi moja kwa moja, hayakuwa na safu katika kadi ya mgonjwa. Kisichokuwa na safu hakiandikwi, na kisichoandikwa hakiombewi bajeti.

Sasa wale walezi wawili wameondoka au wanaondoka. Mgonjwa wa mwisho wa polio ya asili nchini Tanzania alionekana mwaka 1996, na mwaka 2015 nchi ilithibitishwa kuwa imeidhibiti. Ukoma, baada ya tiba mseto iliyopendekezwa na Shirika la Afya Duniani mwanzoni mwa miaka ya 1980, ulishuka mwaka 2006 chini ya kiwango cha mgonjwa 1 kwa kila watu 10,000. Nafasi yao imechukuliwa na wagonjwa wa aina nyingine. Pikipiki za abiria ziliingizwa katika utaratibu wa leseni kwa kanuni za mwaka 2010, zikiwa zimekwisha kuenea mijini na vijijini. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2012 uliwakuta asilimia 9.1 ya watu wazima wa miaka 25 hadi 64 wakiwa na kisukari. Matunda ya mambo hayo mawili yalionekana katika hospitali ya Bugando, Mwanza, ambako uchunguzi wa wagonjwa 162 waliokatwa viungo, uliochapishwa mwaka 2012, ulionyesha kwamba karibu asilimia 42 walikatwa kwa sababu ya mguu wa kisukari na asilimia 38 kwa sababu ya ajali. Dar es Salaam, Dk. Zulfiqarali Abbas ameandika kwa miaka mingi juu ya miguu ya wagonjwa wa kisukari, na mradi wa kufunza wahudumu namna ya kuilinda ulianza Tanzania na India mwaka 2004. Kwa maneno mengine, anayefika karakana leo si mtoto mwenye mguu dhaifu. Ni mtu mzima aliyezoea mguu mzima kwa miaka 20 au 50, kisha akaukosa.

Pamoja naye yupo majeruhi mwingine asiyeonekana sana, kwa sababu mkono wake haukukatwa. Mwendesha pikipiki akirushwa na kuangukia bega, kichwa huenda upande mmoja na bega upande mwingine, na mishipa ya fahamu inayotoka shingoni kwenda mkononi huvutika, hukatika au hung'oka kwenye uti wa mgongo. Daktari wa Lausanne, Algimantas Narakas, aliyewatibu wagonjwa wengi wa aina hii, alieleza mwaka 1985 kwamba takriban asilimia 70 ya majeraha hayo hutokana na ajali za barabarani, na katika hizo asilimia 70 huhusu pikipiki au baiskeli. Mshipa uliokatika ukiungwa hukua kiasi cha milimita 1 kwa siku, kwa hiyo safari ya kutoka shingoni hadi vidoleni huchukua zaidi ya mwaka mmoja, na mara nyingi haimaliziki. Mkono unaning'inia mzima, haufanyi kazi, na bado unaunguza. Nchi inayosafiri kwa bodaboda itawapata wagonjwa hawa, itake isitake. Huyu na aliyekatwa mguu wanaugua ugonjwa ulio ndugu: ubongo unaendelea kumiliki kiungo ambacho hakiujibu tena.

Hapo ndipo tiba ya macho inapoingia, na chanzo chake hakikuwa cha gharama. Katikati ya miaka ya 1990 V. S. Ramachandran, akifanya kazi California, alisimamisha kioo cha kawaida katikati ya sanduku. Mgonjwa aliingiza mkono mzima upande wa kioo, akatazama taswira yake pale ambapo mkono uliokatwa ungekuwa, kisha akajaribu kusogeza yote miwili. Baadhi ya wagonjwa walihisi ngumi iliyokazana kwa miaka ikifunguka. Hilo lilipata kipimo cha haki mwaka 2007 katika hospitali ya jeshi ya Walter Reed, kwa askari waliotoka vitani. Wagonjwa 18 walikamilisha majaribio katika makundi matatu ya watu sita: kioo, kioo kilichofunikwa, na kufikiria tu mwendo wa kiungo. Baada ya wiki nne za dakika 15 kila siku, wote sita wa kioo walikuwa wamepata nafuu, kioo kilichofunikwa kilimsaidia mmoja, na kufikiria kuliwasaidia wawili huku wengine wakizidiwa. Uhalisia pepe uliikuza fikra hiyohiyo. Mwaka 2007 Craig Murray na wenzake wa Manchester walieleza wagonjwa watatu waliotazama kiungo chao ndani ya miwani, na mwaka 2016 Max Ortiz-Catalan wa Gothenburg alichapisha matokeo ya watu 14 waliokatwa mikono. Vinasa umeme viliwekwa kwenye vigutu vyao, na msuli ulipojikaza, mkono wa kwenye skrini ulisogea. Baada ya vipindi 12 maumivu yalipungua kwa takriban nusu kwa wastani, na nafuu hiyo ilikuwapo bado miezi sita baadaye.

Haifai kuzitukuza namba hizo kupita uwezo wake. Watu 18 na watu 14 ni wachache, na hata maelezo ya kwa nini tiba inafanya kazi yanabishaniwa. Mwaka 1995 Herta Flor na wenzake wa Ujerumani walionyesha kwamba kadiri ramani ya mwili kwenye ubongo ilivyohama baada ya kukatwa, ndivyo maumivu yalivyokuwa makali, na kwa miaka mingi kioo kilielezwa kama chombo cha kuirudisha ramani hiyo. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2025, uliowapima watu watatu kabla ya kukatwa mkono na kuwafuatilia hadi miaka mitano, uliikuta ramani ya mkono ikiwa karibu vilevile. Maelezo yametikisika, ila kwa mgonjwa ubishi huo una habari njema ndani yake: mkono bado upo kichwani, kwa hiyo kuuzoeza si upuuzi. Miwani ina faida ya kweli pale kioo kinaposhindwa. Aliyekatwa miguu yote miwili hana mguu wa kuakisiwa. Aliyeng'oka mishipa ya bega na kuvunjika mkono wa pili hali kadhalika. Mfumo unaosoma msuli wa kigutu hauhitaji kiungo kizima cha upande wa pili. Kwa wengine wote, hakuna ushahidi wa kutosha kusema miwani ya mamilioni ya shilingi inashinda kioo cha fundi wa mtaani.

Pingamizi zito zaidi linatoka kwa watu wenye huruma wala si wenye dharau. Wanasema: katika nchi ambayo wengi waliokatwa mguu hawajapata hata mguu wa bandia, kuzungumzia maumivu ya kiungo kisichokuwepo ni anasa, kwanza mguu, maumivu baadaye. Mpangilio huo unaonekana wa haki, lakini haulingani na namna mwili unavyofanya kazi. Mguu wa bandia unavaliwa na kigutu, na mwenye kigutu kinachowaka huvua mguu, huuweka uvunguni na kurudi kwenye magongo. Karakana imetumia resini, plasta, muda wa fundi na nauli ya mgonjwa, kisha kazi yote imelala chini ya kitanda. Kuuliza maumivu mapema kunalinda gharama iliyokwisha kuingia kwenye mguu. Isitoshe, mambo haya mawili hayagombanii foleni moja. Kioo kinachosimamishwa kwenye chumba cha mazoezi hakimpunguzii mtu yeyote soketi, na amitriptilini, dawa ya zamani inayotumika dhidi ya maumivu ya mishipa ya fahamu, haishindanii fedha na goti la chuma.

Wengine watasema kwamba wagonjwa wa huku hawalalamiki, hivyo tatizo si kubwa kama linavyosemwa. Hoja hii inastahili jibu la mahali hapa. Miongoni mwa Wamaasai na Waarusha, kijana anayetahiriwa hutarajiwa asitikise hata kope, na sifa yake na ya nyumba yao hutegemea utulivu huo. Malezi hayo humfundisha mtu kutoonyesha maumivu. Hayamfundishi kutoyahisi. Tena, yule anayesema mguu uliozikwa unamuuma anaweka akili yake mezani ipimwe. Kiungo kilichokatwa mara nyingi hukabidhiwa kwa jamaa kikazikwe, na Waislamu hukizika kwa heshima ya sehemu ya mwili wa binadamu. Maumivu yakianza, ni rahisi familia kuulizana kama kilizikwa vibaya, au kama kuna mkono wa mtu. Mgonjwa anayeona njia mbili tu mbele yake, kuitwa mwoga au kuitwa aliyerogwa, hunyamaza. Katika nchi ambazo watafiti waliuliza bila kungoja kulalamikiwa, zaidi ya nusu ya waliokatwa viungo wamesema wanaumwa. Ukimya wa kliniki, basi, unapima uzito wa kusema, na hautuambii kitu juu ya ukubwa wa tatizo.

Lipo pia pingamizi la mtu anayeijua Arusha vizuri. Atasema huduma ya maumivu ipo: Hospitali ya Kilutheri ya Selian, karibu na Ngaramtoni, imejenga jina katika tiba shufaa, na Afrika Mashariki kwa jumla imekuwa mfano tangu Anne Merriman alipoanzisha Hospice Africa Uganda mwaka 1993 na kuonyesha kwamba mofini ya maji inaweza kufika nyumbani kwa mgonjwa maskini. Mafanikio hayo ni ya kweli, na yanathibitisha kwamba ukanda huu ukiamua kuuliza maumivu, unaweza. Lakini tiba shufaa ilizaliwa kwa ajili ya saratani na UKIMWI. Inampokea mtu anayekaribia mwisho. Dereva wa bodaboda wa miaka 24 aliyekatwa mguu hakaribii mwisho wa chochote isipokuwa wa akiba yake, na hakuna anayefikiria kumpeleka huko. Fani mbili zimekua jirani, moja ikijua maumivu na nyingine ikijua viungo, na mgonjwa wetu amesimama mpakani.

Kinachofaa kufanywa kinaweza kusomwa katika historia hiyohiyo. Vyuma vya Huckstep vilienea kwa sababu fundi wa kawaida aliweza kuvitengeneza na kuvikarabati. TATCOT imedumu zaidi ya miaka 40 kwa sababu ilikuwa shule, na ujuzi haukuondoka na mfadhili. Miwani ya uhalisia pepe ikiletwa kama zawadi ya picha za uzinduzi, bila mtaalamu wa fiziotherapia aliyefunzwa kuitumia na bila programu inayozungumza Kiswahili, itaishia kabatini kwenye vumbi pamoja na mashine nyingine nyingi za msaada. Ikiletwa Moshi kama chombo cha kufundishia na cha utafiti, kwa wale ambao kioo hakiwafai, itakuwa na kazi ya kweli, na sisi tutakuwa na majibu yetu badala ya kusubiri ya Gothenburg. Kabla ya hapo kuna hatua tatu zisizohitaji mfadhili. Mtaala wa mafundi wa viungo bandia na wa fiziotherapia uweke maumivu ya kiungo kisichokuwepo kuwa somo linalotahiniwa. Kila kituo kinachotoa mguu wa bandia, kuanzia KCMC hadi Monduli, kiwe na kioo na mtu anayejua kukitumia. Na fomu ya kila mgonjwa iongezewe swali moja ambalo polio na ukoma hazikutufundisha kuuliza: je, kile kilichokatwa kinakuuma? Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023 imefungua mjadala wa huduma zipi zilipiwe na zipi zisilipiwe. Wanaopanga kitita cha huduma hizo wakumbuke kwamba mtu wa Olasiti hatibiwi mguu yakaisha. Anatibiwa yeye mwenyewe, na maumivu yake ni sehemu ya hesabu.